Maungamo Yasiyotaja Jina: Hatia na Siri katika The Scarlet Letter

Hadithi nyingi za mapenzi yaliyokatazwa huanza kwa macho kukutana na huishia kwa watu kushikwa. The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu, kitabu cha Nathaniel Hawthorne kilichotoka Boston katika mwezi wa Machi mwaka 1850, chaanza mahali ambapo hadithi hizo huishia. Mlango wa gereza wafunguliwa, mwanamke atoka na mtoto wa miezi mitatu mikononi, na yaliyokuwa kati yake na mpenzi wake yamekwisha kutendeka. Mwandishi haonyeshi kamwe siku ya kosa, wala halitaji kosa kwa jina lake: neno la Kiingereza lenye maana ya uzinzi halimo katika sura zote 24 za kitabu. Msomaji hupewa herufi moja tu, A, ya kitambaa chekundu kilichotariziwa kwa uzi wa dhahabu, naye huachwa alitamke mwenyewe moyoni neno ambalo kitabu kimelinyamazia.

Kwa hiyo anayekisoma kitabu hiki kwa kutafuta habari za mapenzi ya siri atazipata chache, na anayekisoma kwa kutafuta hukumu ya uzinzi atapata haba zaidi. Kinachochunguzwa ni mambo yaliyofuata baada ya tendo: nani anyamaza, nani asema, na nani asema kwa namna iliyo sawa na kunyamaza. Hatia, kama Hawthorne anavyoieleza, ni jambo la lugha kadiri ilivyo jambo la moyo. Mtu aweza kuificha kwa kufumba kinywa. Walakini aweza kuificha vizuri zaidi kwa kukifumbua, akanena maneno ya kweli yaliyopambwa hata watu wasiyadhani kuwa ni kweli. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata mchungaji Arthur Dimmesdale, na uzito wote wa kitabu umo katika swali kama aliiacha njia hiyo siku ya kufa kwake, au kama alikufa akali ndani yake.

Mahali pa hadithi ni mji wa Boston katika koloni la Massachusetts, na wakati wake ni kama miaka saba tangu mwaka 1642 hata mwaka 1649. Walioujenga mji huo katika mwaka 1630 chini ya uongozi wa John Winthrop walikuwa Wapuritani, Wakristo wa Uingereza waliotaka kanisa litakaswe desturi zote wasizoziona katika Biblia, nao walivuka bahari ili waweke nchi ambamo amri ya serikali na amri ya dini zingesokotwa kuwa kamba moja. Ukali uliomo kitabuni haukubuniwa. Sheria ya Massachusetts iliweka kifo kuwa malipo ya uzinzi, na katika mwaka 1644 Mary Latham na James Britton waliuawa kwa hukumu hiyo. Katika koloni jirani la Plymouth sheria ya mwaka 1658 iliamuru wazinzi washonewe juu ya nguo zao herufi mbili, AD, zilizokatwa katika kitambaa. Hawthorne, aliyezaliwa Salem mwaka 1804, aliyapata mambo haya katika vitabu na katika ukoo wake pia: John Hathorne, babu wa babu yake, alikuwa miongoni mwa mahakimu waliowahoji watu walioshitakiwa uchawi mjini Salem mwaka 1692. Mjukuu wa mahakimu ndiye aliyekuja kuandika habari za mtu aliyehukumiwa.

Hester Prynne alitangulizwa Marekani na mumewe, mtu wa elimu aliyempita sana kwa umri. Kwa muda wa miaka miwili mume hakufika, na watu wakadhani yuko chini ya bahari. Bibi huyu alipozaa, mahakimu walimhurumia kwa kiasi chao: hawakumwua, bali walimpasisha asimame saa tatu juu ya jukwaa lenye mkatale mbele ya watu wote, na avae herufi kifuani maisha yake yote. Siku ile ile mume alitokea katika umati, ametoka katika utumwa kwa wenyeji wa nchi ile, akajificha chini ya jina la Roger Chillingworth na kujifanya tabibu wa mji. Baba wa mtoto ni Dimmesdale, mchungaji kijana apendwaye na kila mtu. Watu wanne basi, pamoja na mtoto aitwaye Pearl, wafungwa pamoja kwa siri ambazo hakuna mmoja wao azijuaye zote tangu mwanzo.

Hester ana siri mbili, na ni kosa kuzihesabu kuwa moja. Ya kwanza ni jina la mpenzi wake. Juu ya jukwaa aulizwa, abembelezwa, atishwa, naye akataa kulitaja. Katika Kiswahili jambo hili lina jina lake jema: ni stara, na mtu amsitiriye mwenziwe huhesabiwa kuwa mtu wa heshima. Siri ya pili ni jina la mume wake. Hii aliiapa gerezani usiku ule, tabibu alipomtaka asimwambie mtu ye yote kwamba yeye ndiye mumewe. Kwa nje siri hizi mbili zafanana, kwa maana zote zamfunika mtu asijulikane. Kwa ndani zatofautiana kama dawa na sumu. Ya kwanza yamfunika mtu dhaifu asiumizwe. Ya pili yamfunika mwenye kuumiza apate nafasi. Hester alipoitambua tofauti hiyo miaka saba ilikuwa imekwisha kupita, na mgonjwa na adui yake walikuwa wakilala chini ya dari moja. Majuto yake makubwa katika kitabu si ya mapenzi; ni ya kiapo hicho. Ndipo alipokwenda kwa tabibu waziwazi na kumwambia kwamba hatakitunza tena.

Hata stara ya kwanza, iliyo njema, haikosi dosari, na hapa Hawthorne ameona mbali. Stara ni zawadi ya mtu mmoja kwa mwingine, lakini mwenye kuipokea aweza kuigeuza kuwa nyumba ya kujifichia. Katika siku ya jukwaa mzee John Wilson alimwamuru Dimmesdale amsihi Hester amtaje mshiriki wake katika kosa. Kijana akasimama katika ubao wa juu, mbele ya gavana na wazee wa kanisa, akamwomba mwanamke aseme, asinyamaze kwa huruma isiyo na maana, kwa kuwa mtu huyo huenda hana ushujaa wa kujitaja mwenyewe. Kila neno lake lilikuwa kweli. Umati ulisikia mchungaji akimwonya mkosaji. Hester alisikia mwanamume akimwomba afanye kazi ambayo yeye hawezi kuifanya. Katika hotuba hiyo moja mwandishi ameonyesha tabia nzima ya mtu, na ye yote airudiaye baada ya kumaliza kitabu ataona kwamba maungamo ya Dimmesdale yalianza pale pale katika sura ya tatu, nayo yalianza yakiwa yamevaa nguo za mtu mwingine.

Tangu siku hiyo mchungaji hakukoma kuungama. Juu ya mimbari aliwaambia waumini wake kwamba yeye ni kiumbe mchafu, mwovu kupita waovu wote, asiyestahili kusikilizwa. Nao walimpenda zaidi. Walirudi majumbani wakisema: ikiwa mtakatifu huyu ajiona mchafu, sisi tutajionaje? Dimmesdale aliyajua matokeo hayo kabla ya kufungua kinywa, na kitabu hakimwachilii katika jambo hili. Chamwita mnafiki mwenye majuto. Kila alipokiri kwa maneno ya jumla aliongeza dhambi mpya juu ya ile ya zamani, kwa kuwa ukweli wake ulizidi kumpa sifa. Usiku alijipiga mjeledi chumbani, alifunga chakula, alikesha. Adhabu hizo nazo zilikuwa maneno yasiyo na msikilizaji. Hata alipopanda jukwaa la aibu, katika sura ya 12, alilipanda usiku wa manane mji ukiwa umelala, na mtoto Pearl alipomwuliza kama atasimama pale pamoja na mama yake kesho adhuhuri, alijibu kwamba atasimama siku ya kiyama. Asubuhi mtumishi wa kanisa alimletea glovu yake iliyookotwa jukwaani, akaeleza kwa heshima kwamba bila shaka Shetani ndiye aliyeiangusha hapo. Mji ulikuwa tayari kumsingizia Shetani kuliko kumdhania mchungaji wake.

Wasomaji wengi humchukua Chillingworth kuwa ndiye mwovu wa kitabu, na kweli mwandishi mwenyewe humfananisha na pepo. Lakini nguvu ya tabibu huyu si yake. Kiswahili chasema siri ya mtungi aijuaye ni kata, naye alijifanya kata: aliingia kila siku, akachota kidogo, akatoka bila kuacha alama. Angepata wapi nafasi hiyo kama mtungi ungalikuwa wazi? Siku Dimmesdale alipolitoa neno lake mbele ya watu, tabibu alilia kwamba ameponyokwa, na katika muda usiotimia mwaka alinyauka akafa. Mambo aliyoyatenda yastahili chuki, lakini chakula chake kilikuwa unyamavu wa wengine. Kwa ajili hiyo haitoshi kusema kwamba mchungaji aliuawa na adui. Alimlisha adui yake kwa mkono wake mwenyewe, na Hester alishika sahani.

Mapenzi yenyewe yapewa nafasi ndogo, sura chache za msituni, tangu ya 16 hata ya 19. Walakini katika kurasa hizo Hester asema jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika Boston yote angethubutu kulisema: kwamba walilolifanya lilikuwa na utakatifu wake wenyewe. Dimmesdale amnyamazisha, ingawa akiri kuwa hakulisahau. Hester aivua herufi, aitupa, afungua nywele zake, na jua lililomkimbia miaka saba laingia msituni. Watengeneza shauri la kupanda merikebu iendayo Bristol. Mtu atakaye kumwona Hester kuwa mshindi hupenda kuishia hapo. Lakini Pearl, aliyekuwa ng'ambo ya kijito, akataa kuvuka mpaka mama yake aivae tena herufi yake. Naye Dimmesdale, katika furaha ya kukimbia, afurahi hasa kusikia kwamba merikebu itaondoka baada ya siku aliyopangiwa kuhubiri mbele ya gavana mpya. Atakimbia na mke wa mtu, lakini hapendi watu waseme kwamba aliacha zamu yake. Hawthorne hamdhihaki kwa ukali kwa jambo hili. Amweka tu wazi, na kicheko cha msomaji hugeuka uchungu. Mtu huyu alikwisha kuwa na nyuso mbili muda mrefu hata asijue tena ipi ni yake.

Hapo ndipo sura ya 23 ipatapo uzito wake. Dimmesdale amemaliza hotuba iliyo bora kuliko zote alizopata kutoa. Katika kilele cha sifa aita Hester na Pearl, apanda jukwaa mchana mbele ya mji mzima, akisaidiwa na mkono wa mwanamke. Aanza vizuri: asema kwamba amesimama mahali alipopaswa kusimama miaka saba iliyopita. Kisha ulimi wake warudia mazoea. Aanza kusema habari za mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwao, mwenye alama ambayo hawakuitetemekea, na kwa muda amsema mtu huyo kana kwamba si yeye. Apasua vazi la kifuani, aonyesha kitu, aanguka. Hakusema: mimi ni baba wa mtoto huyu. Kwa hiyo baadaye mashahidi wagawanyika. Wako waliosema waliona herufi nyekundu katika nyama ya kifua chake, nao wakabishana juu ya asili yake. Wako wengine, watu wa cheo na heshima, waliosema kwamba hapakuwa na alama yo yote. Kwamba mchungaji hakukiri ushirika wo wote na Hester. Kwamba alichagua kufa mikononi mwa mwanamke aliyeanguka ili awafundishe kwa mfano kwamba wanadamu wote ni wenye dhambi. Mimbari ilimponza hata kaburini. Alikuwa amewazoeza watu wake kuyapokea maungamo yake kama mahubiri, nao wakayapokea na haya kama mahubiri.

Je, aliungama au hakuungama? Jibu la haki ni kwamba mwili wake ulisema lililoshinda ulimi. Kupanda mchana, kushikana mkono, kumwomba mtoto busu: hayo hayahitaji ufasaha, na mtoto, aliyekuwa hakimu wake mkali kuliko wote, aliyakubali. Alimbusu, akalia kwa mara ya kwanza kama watoto wa watu. Lakini upande wa Hester hesabu haikulipwa sawasawa. Bibi huyu alimwuliza kama watakutana tena katika maisha ya milele, naye akamnyamazisha kwa kutaja sheria waliyoivunja. Alikufa akimshukuru Mungu kwa mateso yaliyomwokoa yeye. Hester akabaki hai, na herufi, na mji. Kosa lilikuwa la watu wawili. Maungamo yalimweka huru mmoja.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi astahili kuulizwa. Mwishoni, akichagua funzo moja katika mengi, awahimiza wasomaji wawe wakweli, waonyeshe ulimwengu, kama si ubaya wao mkubwa, basi dalili ya kuuonyesha. Funzo hilo latoka kinywani mwa mtu asiyesema wazi kama herufi ilikuwa katika kifua cha mchungaji au haikuwa. Aliyedai katika utangulizi kwamba alikiokota kitambaa chekundu na karatasi za habari hizi katika dari ya forodha ya Salem, alikofanya kazi mpaka alipoondolewa mwaka 1849, hali kisa hicho ni cha kubuni. Ahubiri uwazi naye amejifunika shuka. Waweza kusema huu ni upungufu, na katika sura za katikati, ambapo kila mwanga na kila kivuli hupewa maana mbili au tatu, msomaji huchoka kweli. Lakini katika mwisho fumbo hilo si pambo. Laiti mwandishi angalithibitisha alama ile, watu wa cheo waliokataa kuiona wangalikuwa waongo tu, na msomaji angalikaa salama upande wa wakweli. Kwa kutoithibitisha amemweka msomaji katika umati, achague mwenyewe ataona nini.

Shida hiyo hiyo itamngoja mfasiri atakayejaribu kukitia kitabu hiki katika Kiswahili. Akiandika uzinzi, au akibadili herufi iwe U au M ili ilingane na neno hilo au na mzinzi, amekwisha kulitoa neno ambalo mwandishi alilizuia kurasa zote. Na herufi katika kitabu haikai na maana moja. Watu waliosaidiwa na Hester wakati wa ugonjwa na msiba walianza kusema kwamba A ni dalili ya uwezo wake wa kutenda. Na usiku aliofariki Winthrop, mwanga ulipochora A mbinguni, mtumishi wa kanisa aliusoma kuwa ni malaika, hali Dimmesdale aliusoma kuwa ni hatia yake. Kwa bahati njema Kiswahili si maskini katika jambo hili. A yaweza kubaki A: kwanza aibu, kisha auni, na juu ya mauti ya gavana, ahera. Aibu ni neno jepesi kuliko uzinzi, na wengine watasema limepunguza ukali wa sheria ile. Lakini lina faida moja kubwa: aibu ni jambo la macho ya watu, na ndilo Hester alilovishwa. Dhambi yenyewe mahakimu hawakuweza kuishona juu ya nguo.

Hester mwenyewe ndiye aliyeelewa tofauti hiyo. Katika miaka yake ya upweke alishona mapambo ya shingo ya gavana, nguo za wachungaji na kofia za watoto wachanga. Shela ya bibi arusi tu hakupewa kushona. Baada ya kifo cha Dimmesdale alikwenda Ulaya pamoja na Pearl, aliyerithi mali ya Chillingworth, na angaliweza kukaa huko pasipo kujulikana. Alirudi. Akaingia katika kibanda chake cha ufukoni na kuivaa tena herufi, hali hakimu hata mmoja hakumwamuru, na wanawake wenye mioyo iliyojeruhiwa wakaja kumwuliza shauri. Hili si ushindi wa sheria ya Boston, wala si ushindi wa mapenzi. Ni mtu aliyekubali kuitwa kwa jambo lake mwenyewe katika mji uleule uliomwita hivyo kwa kumdhalilisha. Alipokufa alizikwa karibu na kaburi la zamani, pakaachwa nafasi katikati kana kwamba mavumbi ya wawili hao hayana ruhusa ya kuchanganyika, na jiwe moja likawekwa kwa wote wawili: A nyekundu juu ya weusi. Ushirika ambao mchungaji hakuutamka kwa maneno yaliyo wazi umeandikwa hapo na mafundi wa mawe, kwa herufi aliyoibeba Hester peke yake.